Projekta ya Sita

Nyamongo alikataa projekta ya kwanza hata kabla chai aliyomiminiwa haijapoa. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki katika chumba cha nyuma cha duka moja pale Kisii mjini, kofia magotini, mapazia yameshushwa, na ukutani mbele yake amelala simba mkubwa kuliko ng'ombe dume. Mtu mwingine angesema loo. Nyamongo alinyoosha kidole.

"Pale chini ya mti. Hiyo ni nyeusi?"

"Hicho ni kivuli, mzee wangu," alisema fundi.

"Sijauliza ni nini. Nimeuliza kama ni nyeusi. Mimi naona jivu la jikoni."

Fundi alikuwa Benard Amolo, mtu wa Homa Bay aliyehamia Kisii na kuoa hukohuko, miaka arobaini na kitu, tumbo limeanza kumtangulia. Alikuwa amewawekea wenye pesa wa mji ule vyumba vya sinema majumbani mwao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza habari za jivu. Alicheka akidhani ni utani. Pole yake.

Ukitaka kumwelewa Nyamongo, muulize mkulima yeyote wa chai wa Gesima aliyevuka miaka hamsini. Miaka thelathini na mmoja alikuwa karani wa majani, yule anayesimama kituoni mbele ya meza, mama anamwaga kikapu chake, naye anapitisha mkono. Majani mawili na kichipukizi. Jani la tatu likionekana, rudisha. Limekomaa, rudisha. Limeloa, rudisha. Wanawake walilia mbele yake wakimwonyesha watoto migongoni, na njiani wakirudi walimtukana yeye na ukoo wake wote, lakini usiku alilala vizuri, maana aliamini kwamba kitu kibovu kikipita mkononi mwake, basi mbovu ni yeye. Alistaafu miaka minane iliyopita na tabia ile akaenda nayo nyumbani.

Tena msidhani alikuwa mzee wa kujionyesha, aliyepata pesa za mtoto wa ng'ambo akataka majirani wajue. La. Projekta ilikuwa ya mkewe, Bonareri, ambaye sukari ilikuwa inamla macho.

Jicho la kulia lilikuwa limekwenda tangu mwaka jana. La kushoto lilikuwa bado na uhai kidogo. Daktari wa macho aliwaeleza kwa upole kwamba mishipa ya nyuma ya jicho inavuja damu, kwamba walichelewa, kwamba sindano zitasaidia pale zitakapoweza. "Kwa sasa mpeni vitu vikubwa vyenye mwanga mkali," alisema. "Vitu vikubwa ataviona."

"Kwa muda gani?" Nyamongo aliuliza.

"Mzee, siwezi kukudanganya. Huenda mwaka. Huenda wiki ijayo damu imwagike ndani na iwe basi."

Sasa Bonareri hakuwa na tamaa ya kuona vitu vingi. Shamba la chai alikuwa amelitazama maisha yake yote, limemtosha. Alitaka kuona uso mmoja tu. Mose, mwana wao wa pekee, yuko Amerika mwaka wa kumi na moja, anawaogesha wazee wa watu katika nyumba ya kutunzia wazee, na karatasi zake hazijakaa sawa, kwa hiyo akitoka huko harudi. Ana mtoto wa kike wa miaka mitatu. Alimpa jina la nyanya yake, mama yake Bonareri: Nyanchoka.

Bonareri ni Msabato wa kuzaliwa, hawezi kukaa mbele ya watu akasema wafu wanarudi. Lakini nyie mnajua jinsi tulivyo. Mtoto akipewa jina la mtu, watu humkagua. Mmoja anatafuta paji la uso, mwingine anatafuta mwendo, na bibi mmoja atasema kabisa huyu ndiye yule, hata kikohozi ni chake. Na Mose, bila kujua anachowasha, alisema siku moja kwa simu, "Mama, huyu mtoto hafanani na mimi, wala hafanani na mama yake. Sijui uso huu ameutoa wapi."

Tangu siku hiyo Bonareri hakutulia. Alichukua simu akaibandika karibu na jicho mpaka pua ikagusa kioo, akaona moshi unaocheka. Akahamia kwenye televisheni ndogo ya sebuleni, moshi uleule. Na picha ya Nyanchoka mkubwa, ya kumpa mtu mwingine alinganishe, hakuna. Marehemu alipigwa picha moja tu maishani, ya kitambulisho, na kitambulisho kikarudishwa kwa chifu alipofariki, kama sheria inavyotaka. Mose alikuwa bado mchanga nyanya yake alipofariki, hamkumbuki. Wazee wa kwao Nyacheki waliomfahamu wamezikwa. Ndugu zake Bonareri wamezikwa, wa mwisho akiwa Ochoki, mwaka juzi. Mtu pekee duniani ambaye angeweza kumtazama mtoto yule na kusema ndiye au siye alikuwa Bonareri, na muda wake ulikuwa unavuja nyuma ya jicho.

Mose ndiye aliyetoa wazo. "Baba, ile stoo ya nyuma ifanye chumba cha sinema. Ziba dirisha, paka rangi nyeusi, weka skrini ya mita tatu. Halafu nunua projekta ya hali ya juu, si hizi za kuonyeshea nyimbo kanisani. Mtoto atatokea uso mkubwa kama mlango, mama atamwona. Mimi nalipa. Wewe chagua tu."

Wewe chagua tu! Kati ya watu wote wa Nyamira, neno hilo aliambiwa Nyamongo.

Basi pale dukani Amolo alimfafanulia kila kitu kwa subira. Hizi za balbu zinafifia baada ya miaka michache, hizi za leza zinadumu. Mwanga unapimwa kwa lumeni. Hii ina picha kali ya 4K, nukta zake ni ndogo mno huzioni. Weusi kuwa kijivu ni kawaida kwa mashine yenye mwanga mwingi, hata hivyo mama anahitaji huo mwanga, hahitaji weusi.

"Mzee, nisikilize," alisema akishusha sauti. "Ibebe hii leo. Nakuazima, sitaki shilingi. Nitakuja mwenyewe na gari niifunge jioni hii. Mama amwone mtoto kwanza. Halafu wewe endelea kuchagua mpaka Yesu arudi."

Mungu alikuwa amemtumia mtu yule. Nyamongo alivaa kofia yake.

"Mke wangu atamtazama mtoto huyo labda mara moja tu kwa jicho linaloona," alisema. "Mara moja, Amolo. Sitamwonyesha uso wa mama yake umepakwa jivu."

Akatoka. Na usimcheke, maana aliyasema kwa moyo mweupe kabisa. Hakuna aliyempenda Bonareri kuliko yeye.

Projekta ya pili ilifika dukani baada ya majuma matatu. Weusi wake ulikuwa mzuri, Nyamongo akaanza kuitikia kwa kichwa taratibu, Amolo akaanza kupumua. Kisha mzee akageuza macho haraka kutoka pembe hii hadi pembe ile, akasimama. "Kuna rangi zinaruka. Nikigeuza macho naona nyekundu, naona kijani, kama upinde wa mvua umekatwa vipande." Amolo alikiri kwamba ni kweli, aina ile ya mashine ina tatizo hilo, lakini watu wengi hawalioni kabisa. Nyamongo alisema yeye si watu wengi.

Jioni hiyo alimsimulia mkewe jikoni, na Bonareri, aliyekuwa akichambua mboga kwa vidole bila kuzitazama, akacheka.

"Baba Mose, hata mimi uliponioa ulinikagua hivi?"

"Wewe nilikupitisha siku ileile."

"Basi siku hiyo ulilala kazini."

Walicheka wote wawili. Halafu akamuuliza, kama anayeuliza kuhusu mvua, "Lakini ile ya kwanza, mtoto angeonekana?" Nyamongo akajibu kwamba angeonekana vibaya. Bonareri akaendelea na mboga.

Ya tatu waliiendea Nyanchwa. Kule kilimani kulikuwa na wakili mmoja, Valarie, mteja wa Amolo, aliyekuwa na chumba cha sinema kilichokamilika, viti vya ngozi na zulia mpaka ukutani. Alikubali mzee aje aone mashine inavyofanya kazi ndani ya nyumba ya kweli, ila nafasi yake ni Jumamosi. Nyamongo alikataa. Sabato hawezi kwenda kununua wala kutazama anachotaka kununua. Amolo alimwambia kwamba hata Yesu mwenyewe aliponya kipofu siku ya Sabato, akajibiwa kwamba yeye Amolo si Yesu, na projekta si mate na udongo. Wakangoja Jumapili ambayo Valarie hangesafiri, na Jumapili hiyo ikawa mwezi uliofuata. Mwezi mzima, jamani.

Picha ya Nyanchwa ilikuwa kitu kingine. Mtoni ulionekana mchanga, kila punje na kivuli chake. Nyamongo alitazama muda mrefu bila kunyoosha kidole, hata Amolo akamkonyeza mwenye nyumba. Kisha mzee akainuka, akaenda mpaka kwenye skrini, akasimama pua na kitambaa, akaanza kuipita picha kidogo kidogo kutoka kushoto.

"Hapa."

"Hapa nini?" aliuliza Valarie.

"Kuna nukta moja ya bluu. Picha inabadilika, yenyewe haibadiliki. Imekufa."

Valarie alisogea, akainama, akakunja uso. Alikuwa ameishi na mashine ile miaka miwili bila kuiona nukta hiyo. Wanasema tangu siku hiyo haoni kitu kingine. Amolo alipotakiwa kuapa kwamba nyingine ya aina hiyo haitakuwa na nukta iliyokufa, alisema hawezi kuapa, hata kiwanda chenyewe hakiapi. Ikawa basi.

Huko Gesima mambo yalikuwa yanabadilika, nayo hayakungoja mtu. Bonareri aliacha kusoma kijitabu cha Shule ya Sabato, akasema maandishi ya mwaka huu ni membamba. Alimimina chai pembeni ya kikombe. Siku moja saa saba mchana, jua limejaa mlangoni, alimuuliza mumewe kwa nini hajawasha taa. Nyamongo aliwasha taa. Alienda nyuma ya nyumba akasimama kati ya migomba, akalia kimya kimya mkono mdomoni, halafu akampigia Amolo simu kuulizia ya nne.

Mtu mwenye akili angesema, leta yoyote. Lakini hofu ilimfanya mzee yule azidi kuwa mkali. Kadiri muda ulivyopungua ndivyo alivyoona kwamba haifai kabisa kukosea. Ya nne feni yake ilivuma, na Bonareri sasa alitegemea masikio, hangemsikia mtoto vizuri. Ya tano rangi ya ngozi ilitoka ya manjano. "Sisi hatuna mtu wa rangi hiyo," alisema, akairudisha.

Usiniambie hakuonywa. Jioni moja Bonareri alimshika mkono kabla hajainuka mezani, akaushika kwa nguvu.

"Baba Mose, leta yoyote."

"Iko moja inatoka ng'ambo. Amolo amesema majuma mawili. Hiyo nimeisoma yote, haina kasoro."

"Leta ile ya jivu. Leta ile ya manjano. Mimi nitatoa manjano kichwani mwangu mwenyewe. Nionyeshe mtoto."

"Majuma mawili tu, Mama Mose. Umevumilia miezi saba."

"Nimevumilia kwa sababu nilikuwa naona mkono wangu. Leo nimeutafuta." Sauti yake ilipanda, na yeye si mtu wa kupandisha sauti. "Sijui kama nina majuma mawili! Unanisikia? Sijui!"

Alimsikia. Hilo ndilo litakalomfuata mpaka kaburini, kwamba alimsikia vizuri sana. Alikaa akimtazama, mkono wake umeshikwa, na akawaza kwamba majuma mawili ni siku kumi na nne, kwamba amekwisha kungoja miezi saba, kwamba kulegea sasa ni kuitupa kazi yote. Akasema, "Nivumilie." Bonareri akamwachia mkono.

Projekta ya sita ilifika Jumatano. Alhamisi asubuhi Amolo alipanda Gesima na gari lake, akaifunga darini katika stoo ile, sasa imezibwa dirisha na kupakwa nyeusi, akaweka na kifaa cha kuilinda umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo. Alifanya kazi mpaka alasiri. Walipoiwasha kwa majaribio Nyamongo alizima taa, akafunga mlango, akakagua. Weusi ulikuwa mweusi, huwezi kujua skrini inaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Aligeuza macho haraka, hakuna rangi iliyoruka. Alisogea pua na kitambaa, akaipita yote, mstari kwa mstari, dakika ishirini, na Amolo amekaa sakafuni akimngoja. Feni haikusikika hata kidogo.

"Hii," alisema Nyamongo. "Amolo, hii ndiyo." Akamkumbatia fundi yule, machozi yanamshuka, na Amolo mwenyewe akafuta macho yake kwa mkono wa shati. Alikataa kubaki kwa chakula. Alisema siku kama hii ni ya mtu na mkewe, akaondoka.

Saa kumi na mbili jioni, asubuhi kule Amerika, Nyamongo alimshika Bonareri mkono, akamwingiza. Alikuwa amevaa gauni la kanisani na kitambaa cheupe kichwani. Akamketisha kwenye kiti cha kati. Akapiga simu, akaiunganisha kama alivyofundishwa, na ukuta mzima ukawaka.

Mtoto akatokea.

Alikuwa mkubwa kama mlango, kama Mose alivyosema. Nywele zimesukwa mistari minne. Kwenye shavu kulikuwa na chembe ya uji, na Nyamongo aliona uji ule umekauka pembeni na katikati bado mbichi. Aliona kope moja moja. Ndani ya macho ya mtoto aliona dirisha la nyumba ya Mose, dogo, na theluji nje ya dirisha. Katika maisha yake hajawahi kuona kitu kizuri hivyo.

"Sema ulivyofundishwa," sauti ya Mose ilisikika pembeni.

"Bwakire buya, magokoro," alisema mtoto, salamu ya asubuhi ya kwao kwa nyanya yake, kwa ulimi mzito wa Kizungu, akacheka na kuuficha uso.

"Bwakire buya, mama," alijibu Bonareri. Alimwita mama, kama ilivyo desturi, kwa sababu ya jina. Alikuwa anatabasamu.

"Mama, unamwona?" aliuliza Mose. "Unamwona vizuri?"

"Namwona, mwanangu. Namwona kabisa."

Nyamongo aligeuka kumtazama mkewe ashiriki furaha ile. Mwanga wa skrini ulikuwa umejaa usoni mwake. Na macho yake, yote mawili, yalikuwa yameelekea pembeni, kwenye ukuta mweusi, hatua mbili kutoka alipo mtoto.

Alisema kitu kwa Mose, mtandao, umeme, hata hajui alisema nini, ila simu aliiacha ilivyo, akazima sauti ya upande wao tu. Akapiga magoti kando ya kiti.

"Tangu lini?"

"Jumatatu," alisema Bonareri. "Niliamka nikadhani hakujakucha. Nikangoja kukuche."

"Jumatatu! Na hukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha sana. Kila saa unaniambia Jumatano inafika, Jumatano inafika. Nikasema labda ni damu tu, daktari alisema wakati mwingine hutulia. Nikaomba itulie kabla ya leo." Alipapasa mpaka akampata begani. "Sasa usilie. Tutalia baadaye. Mtoto bado yupo?"

"Yupo. Anacheza na kijiko."

"Basi wewe unaona. Niangalizie." Alikuwa ananong'ona kwa haraka kama mtu anayeogopa gari litamwacha. "Niangalizie vizuri, wewe ndiye unayejua kuangalia. Ni mama?"

Nyamongo aliinua macho kwa mtoto. Alifungua kinywa.

Miaka kumi na mmoja alikuwa mkwe wa Nyanchoka, na katika miaka hiyo yote hakumtazama usoni hata siku moja. Angewezaje? Ensoni, ile aibu ya heshima kati ya mkwe na mama mkwe, kwetu si mchezo. Mama huyo alipokuja Gesima, Nyamongo alitoka kwa mlango wa nyuma. Yeye alipokwenda Nyacheki, alisalimu akitazama chini, akaketi ameupa mlango wa jikoni kisogo, na mama yule naye alivuta leso mpaka kwenye nyusi na kujibu akiwa nyuma ya ukuta. Alimjua kwa sauti. Alijua miguu yake, na kandambili za bluu. Siku ya mazishi wengine walipita kumuaga, na yeye alisimama mbali, kama inavyompasa mtu mwenye adabu.

Karani wa majani, mtu aliyeona nukta moja katika mamilioni! Uso ule mmoja alikuwa ameukwepa kwa bidii miaka kumi na mmoja, na watu walimsifu kwa hilo.

"Baba Mose. Ni yeye?"

Angeweza kusema ndiyo. Neno moja tu. Aliliweka ulimini.

"Ni yeye," alisema.

Bonareri alivuta pumzi, akamkaza bega. "Nambie masikio. Yamekaaje?"

"Ni... ni ya Nyanchoka. Ni yaleyale."

"Yaleyale vipi?"

"Madogo. Yamelala vizuri kichwani."

Mkono wa Bonareri ulilegea. Kwenye spika mtoto aliimba kitu cha Kizungu, wimbo wa namba.

"Sikio la kushoto la mama lilikuwa limekatika nusu," alisema hatimaye. "Aling'atwa na punda akiwa msichana. Kila mtu aliyemtazama usoni alianza na hilo sikio."

"Mama Mose..."

"Hukuwa unamwangalia. Najua. Ndivyo ilivyotakiwa, hukukosea." Kisha akafunika uso kwa mikono yote miwili, na ile sauti iliyotoka humo Nyamongo hakuwahi kuisikia, hata walipozika watoto wawili kabla ya Mose. "Hakuna tena wa kuuliza! Baba Mose, hakuna mtu! Yuko hapo mbele yangu na sitajua. Mpaka nife sitajua!"

Alijaribu kumshika. Bonareri alimsukuma, akainuka, akaenda mikono imenyooshwa kuelekea sauti ya mtoto mpaka vidole vikagonga skrini. Akaanza kuipapasa kama mtu anavyopapasa uso, kwa viganja, juu kisha chini, akitafuta paji, akitafuta pua. Nyamongo aliliona shavu la mtoto limeenea kwenye mgongo wa mkewe, na jicho moja kubwa jeusi, safi, bila doa, juu ya kitambaa chake cheupe cha kichwani.

"Iko wapi pua?" Bonareri alikuwa anauliza. "Nionyeshe pua tu."

Nyamongo alimfuata, akamshika kidole, akakiweka mahali pua ilipokuwa. Lakini mtoto alikuwa amekwisha kugeuka, anamkimbilia mama yake, na pale chini ya kidole palikuwa na ukuta wa nyumba ya Mose, mweupe, na picha yake haikuwa na kasoro yoyote.

"Hapa?" aliuliza Bonareri.

"Hapo," alisema Nyamongo.